Filta ya hewa ya kuoshwa au ya karatasi? Jibu kwa msomaji anayeendesha kwenye vumbi

Swali: Fundi, habari za kazi. Nina gari dogo la petroli la cc 1800, na sehemu kubwa ya safari zangu ni barabara ya vumbi. Kwa miaka mingi fundi wangu amekuwa akiipuliza filta ya hewa kwa upepo wa kompresa kila servisi na kuirudisha. Majuzi muuza spea alinishauri ninunue filta ya pamba ya kuoshwa. Alisema itadumu maisha yote ya gari, itaongeza nguvu na kupunguza ulaji wa mafuta. Niliifunga. Juzi nikaiosha kwa mara ya kwanza na kuipaka mafuta yake mwenyewe, na baada ya siku mbili taa ya injini ikawaka, gari likawa linashtukashtuka nikikanyaga mafuta. Je, nimeuziwa filta mbovu? Nirudi kwenye karatasi? Na filta nzuri naitambuaje?

Jibu: Ndugu yangu, kazi ni njema, na asante kwa kueleza mambo kwa mfuatano wake. Fundi akijua nini kilitangulia na nini kilifuata, anakuwa ameshavuka mto.

Nianze na taa. Filta yako huenda haina ubaya wowote. Taa imewaka siku mbili baada ya kuipaka mafuta, na hapo ndipo pa kutazama. Pamba ikinyweshwa mafuta kupita kiasi, injini huyavuta yale ya ziada kama ukungu, na kitu cha kwanza ukungu huo unachokutana nacho ni sensa ya hewa, iliyokaa sentimita chache tu baada ya filta. Namna ya kuisafisha nitakueleza mbele. Ila kuna kubwa zaidi ya taa. Hapo awali filta ilikuwa inapulizwa ili usinunue nyingine, kisha umeuziwa nyingine kwa ahadi ya nguvu, na katika yote mawili sioni mahali ambapo mtu alikuuliza habari za vumbi. Filta ya hewa iliwekwa pale kwa ajili ya vumbi. Mengine yote yanafuata baadaye.

Tazama kazi inayofanya. Kwa uzito, petroli inahitaji sehemu 14.7 hivi za hewa kwa kila sehemu moja ya petroli. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo ukigeuza uzito huo kuwa ujazo unapata takribani lita 9,000 za hewa kwa kila lita ya petroli. Tangi la lita 40 likiisha, injini imeshavuta lita 360,000, na zote zimepenya kwenye kipande cha karatasi unachoweza kukibeba kwapani. Kwenye barabara yako, nyuma ya lori, hewa hiyo imejaa silika, yaani mchanga uliosagika. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 na kuishia 10 kwenye almasi, chembe ya mchanga iko 7. Ukuta wa silinda ni laini kuliko hapo.

Utando wa oili unaotenganisha ringi, yaani pete za pistoni, na ukuta wa silinda una unene wa mikroni chache. Mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu ni kama mikroni 70. Vumbi linalotafuna injini zaidi ni lile la kati ya mikroni 5 na 20: ni nene kuliko utando wa oili, kwa hiyo linakwaruza chuma cha huku na cha kule kwa wakati mmoja, lakini ni dogo mno jicho halilioni. Changarawe na majani unayoyakuta chini ya boksi la filta yanaonekana mabaya, lakini hayo hata wavu wa mbu ungeyazuia.

Nikueleze nilichowahi kukiona kwa macho yangu. Ililetwa kwangu injini iliyokuwa inakula oili lita nzima kila kilomita 1,000, nayo haikuwa imetembea sana. Mwenyewe alikuwa mtunzaji. Oili alibadilisha kwa wakati, na filta ya hewa aliyofunga ilikuwa ya karatasi, mpya, ya gharama. Nilipovua hosi inayotoka kwenye boksi la filta kwenda kwenye throto, yaani mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta, nikapitisha kidole ndani, kilitoka na poda ya kahawia, laini kama unga wa uso. Tukafungua injini. Ringi za juu zilikuwa zimelika ukingo ukawa kama wembe, ukipitisha kidole gumba unasikia unakwanguza ngozi. Ile michoro ya msalaba ambayo kiwanda huiacha kwenye ukuta wa silinda ili ishike oili ilikuwa imefutika juu kabisa, na mahali pake palikuwa na mistari iliyosimama wima. Nikarudi kwenye boksi. Klipu moja kati ya nne ilikuwa imevunjika, na mfuniko ulikuwa umeinuka upande huo kwa unene wa sarafu. Kwenye mpira wa filta palikuwa na alama ya vumbi pana kama vidole viwili, imelala kuanzia nje hadi ndani, mfano wa njia ya mbuzi mlimani. Karatasi yenyewe ilikuwa salama. Hewa chafu ilipita ubavuni mwake.

Tangu siku ile, nikifungua boksi la filta huwa naangalia mpira kabla ya kuangalia karatasi. Ukiwa na filta ya daraja la kwanza isiyokaa sawasawa kwenye boksi, gari lako linavuta vumbi sawa na lisilo na filta upande huo. Kwa hiyo nitakapokueleza jinsi ya kuchagua, nitarudi sana kwenye mpira, boksi na klipu.

Sasa tulinganishe aina. Filta za magari hupimwa kwa kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO 5011: zinapulizwa vumbi maalumu lililopimwa uzito, kisha kinachopenya kinanaswa na kupimwa. Filta nzuri ya karatasi hunasa zaidi ya asilimia 99 ya vumbi hilo. Za pamba iliyopakwa mafuta hutofautiana sana. Nyingi hucheza kati ya 96 na 99, kutegemea mtengenezaji na kutegemea nani amezipaka mafuta na kiasi gani. Ukisikia 99 na 97 unaweza kusema tofauti ni ndogo. Hesabu upande wa pili: kati ya gramu 100 za vumbi, ya kwanza imepitisha gramu 1 na ya pili gramu 3. Injini inaguswa na kile kilichopita, na kilichopita ni mara tatu.

Halafu kuna jambo kuhusu karatasi ambalo watu wengi hawaliamini wakilisikia mara ya kwanza. Filta ya karatasi iliyotumika kidogo huchuja vizuri kuliko ikiwa mpya kabisa. Vumbi la mwanzo hujaza nafasi kubwa kati ya nyuzi, na tabaka hilo jembamba linakuwa chujio juu ya chujio. Ndiyo maana ile tabia ya kupuliza kwa kompresa inanikera. Upepo wa gereji hutoka kwa nguvu ya bar 6 hadi 8. Unaondoa tabaka zuri, unasukuma chembe kali katikati ya nyuzi, na mahali penye udhaifu unatoboa vitundu ambavyo huvioni mchana. Chukua moja ya filta zako za zamani zilizopulizwa, ingia chumba chenye giza, weka tochi upande wa ndani, uitazame kwa nje. Ukiona nyota zinang'aa, kila nyota ni tundu. Kuigonga filta kwenye tairi nako kuna madhara yake: vumbi linadondoka kweli, lakini mikunjo inalala na ukingo unapinda, na filta iliyopinda ukingo haitakaa tena kwenye mfereji wake kama mwanzo. Kitabu cha gari kikisema filta ni ya kavu na ya kubadilishwa, basi ni ya kubadilishwa. Baadhi ya mitambo mikubwa ya shambani na ya ujenzi ina filta nene ambazo watengenezaji wake wanaruhusu zipulizwe kwa upepo mdogo, usiozidi bar 2 hivi, kutoka ndani kwenda nje. Hiyo ni mitambo yenye filta ya pili ya usalama ndani yake. Gari lako halina.

Nije kwenye nguvu uliyoahidiwa. Injini ya cc 1800 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, ukiwa umekanyaga hadi chini, inavuta hewa isiyofika lita 5,400 kwa dakika. Ukiwa safarini kwa mwendo wa kawaida, injini iko kwenye mizunguko elfu mbili na kidogo na throto imefunguka kidogo tu, kwa hiyo inavuta kama lita 1,000, haifiki hata robo ya ile. Kinachobana hewa wakati huo ni throto yenyewe, kwa makusudi, kwa sababu mguu wako umeomba nguvu ndogo. Ukiweka filta inayopitisha hewa kwa urahisi zaidi, utakanyaga pungufu kwa upana wa uzi, mambo yabaki yale yale. Faida ingeweza kuonekana pale unapokanyaga mpaka mwisho, na hata hapo filta safi ya karatasi kwenye boksi lake la kiwanda kwa kawaida hubana kilopaskali moja au mbili kati ya 101 za hewa inayotuzunguka. Kwa hiyo hata ungeivua kabisa, usingepata zaidi ya asilimia moja au mbili. Wanamashindano wanaitafuta hiyo asilimia moja, na injini zao zinafunguliwa kila mara. Wewe unataka injini ifike kilomita 300,000 bila kuguswa.

Na ulaji wa mafuta? Mwaka 2009 watafiti wa maabara ya taifa ya Oak Ridge, Marekani, walichukua magari wakayaziba filta makusudi na kuyapima. Kwenye magari ya kisasa yanayopulizia petroli kwa nozeli na kusimamiwa na kompyuta, ulaji wa mafuta haukubadilika kwa kiasi cha maana. Kompyuta inapima hewa inayoingia na kutoa petroli kulingana nayo. Kilichopungua ni wepesi wa kuondoka: kati ya asilimia 6 na 11. Gari la zamani la kabureta ndilo linaloweza kula mafuta zaidi filta ikiziba. Ikiwa filta iliyoziba kabisa haikuongeza ulaji kwenye gari la kizazi cha lako, hata filta iliyo wazi zaidi haitaupunguza.

Kuna ndugu wengine wanafunga ile filta ya koni, iliyo wazi chini ya boneti bila boksi. Ile sauti inavutia, nakubali. Lakini inavuta hewa iliyopashwa moto na injini. Hewa ya nyuzi 60 ina uzito pungufu kwa karibu asilimia 12 kuliko hewa ya nyuzi 20 kwa ujazo ule ule, na nguvu inafuata uzito wa hewa. Boksi la kiwanda na bomba lake linalovuta hewa kutoka mbele ya gari vilichorwa na watu waliojua hilo. Kwenye vumbi lako sitakushauri koni hata kwa bei ya bure.

Kwa hiyo, kwa barabara yako: karatasi, au ile ya nyuzi za plastiki zinazofanana na kitambaa, ambayo pia ni kavu na hubeba vumbi jingi zaidi kabla ya kuziba. Si lazima iwe na nembo ya kiwanda cha gari. Wapo watengenezaji wa filta wanaouza kwa jina lao na ndio wanaoviuzia viwanda vya magari; filta yao inakuwa ile ile ndani ya boksi jingine. Hofu yangu ni bidhaa feki, na feki huitambui kwa bei, kwa sababu wanaoiuza wameshajifunza kuipandisha bei ifanane na halisi.

Ukienda dukani, nenda na filta yako ya zamani ya karatasi, ile iliyokuja na gari kama bado ipo. Ziweke moja juu ya nyingine. Urefu, upana na kimo vilingane kabisa. Kimo kikipungua hata milimita mbili, mfuniko hautaubana mpira. Hesabu mikunjo. Ikiwa ya zamani ina 60 na mpya ina 42, umepewa karatasi pungufu, itaziba mapema. Mikunjo isimame wima, nafasi zake ziwe sawa, isilale ukiipitishia kidole. Kisha mpira: uwe laini, wa kipande kimoja kinachozunguka bila kiungo kilichofunguka, na ukiuminya kwa kidole gumba urudi wenyewe. Mpira mkavu unaobaki na alama ya kidole haujafaa. Angalia mahali karatasi inapokutana na mpira kwenye kona nne. Hapo ndipo gundi ya bei rahisi huacha mwanya. Malizia kwa tochi. Karatasi nzuri hupitisha mwanga wa ukungu uliosambaa sawasawa, bila nukta kali hata moja.

Mtihani wa mwisho unafanyika kwenye gari, na ukiweza ufanye kabla hujaondoka dukani. Filta iingie kwenye mfereji wake bila kusukumwa kwa nguvu, na klipu zifunge kwa mlio bila wewe kuukandamiza mfuniko kwa goti. Mfuniko ukicheza baada ya kufungwa, kimo cha filta ni kidogo. Ukigoma kufunga, filta imepanda juu ya ukingo au si yake.

Filta za sponji nitazitaja kwa kifupi tu. Zina heshima yake kwenye pikipiki za porini, lakini sponji ikizeeka inakuwa kama mkate mkavu, inabomoka, na injini inaumeza ule unga. Kwa gari lako hakuna sababu ya kwenda huko.

Kuhusu muda wa kubadilisha, vitabu vingi vya magari vinataja kati ya kilomita 20,000 na 40,000 kwa barabara nzuri, kisha ukurasa wa mbele kidogo vinasema mazingira ya vumbi yapunguze. Watu hawaufikii ukurasa huo. Anza na nusu ya kilichoandikwa kwenye kitabu chako. Rangi peke yake isikutishe: filta ya kijivu au ya kahawia upande wa nje inafanya kazi yake. Panua mikunjo kwa vidole uangalie chini kabisa. Vumbi likiwa limejaa mpaka mikunjo inagusana, au tochi haipenyi tena kwenye sehemu kubwa ya karatasi, imekwisha. Filta iliyolowa maji au oili ibadilishe siku hiyo hiyo bila kujali kilomita, maana karatasi iliyolowa hulegea na inaweza kuchanika ikivutwa.

Na tafadhali usiifungue kila wiki kuitazama. Kila ukifungua, vumbi la juu ya mfuniko hudondoka, na lina nafasi nzuri ya kuangukia upande msafi, ambako mbele yake hakuna tena cha kulizuia. Fungua kwa ratiba, na ukifungua fanya kazi kamili. Zima injini. Futa mfuniko kwa nje kwanza kwa kitambaa chenye unyevu. Fungua klipu, inua filta moja kwa moja juu, na itazame kwenye mpira kabla ya kwingine: unataka kuona mstari safi unaozunguka mpira wote, mahali ulipobanwa. Mstari huo ukikatika na vumbi likavuka, una mlango. Futa chini ya boksi kwa kitambaa hicho chenye unyevu. Kompresa isiingie humo, kwa sababu sensa iko jirani na itapokea kila utakachokirusha. Kisha chukua kitambaa cheupe kikavu, kizungushe kidole, upanguse ndani ya hosi upande wa injini. Kitoke cheupe kama kilivyoingia. Kikitoka cha kahawia, usifunge ukaondoka. Tafuta panapovuja.

Pa kutafuta panajulikana: klipu iliyovunjika, mfuniko uliopinda kwa joto, klampu iliyolegea, na zaidi ya zote ile hosi yenye mikunjo kama ya kodiani. Ikunjue kwa mikono miwili uangalie ndani ya kila mkunjo, kwa sababu hupasuka chini, mahali usipopaona ikiwa imetulia. Ufa ukiwa baada ya sensa una madhara mawili kwa mpigo: unaingiza vumbi, na unaingiza hewa ambayo kompyuta haikuihesabu. Angalia pia tundu dogo la kutolea maji chini ya boksi lisiwe limeziba kwa matope, na bomba la mbele lisiwe makazi ya panya. Hilo la panya nimelikuta zaidi ya mara moja, na majani makavu yao yote yalikuwa yamesukumwa juu ya filta.

Kwa wenye dizeli watakaosoma hapa: mkao wenu ni mgumu zaidi. Dizeli nyingi huvuta hewa kwa wingi muda wote, na filta ikiziba utaona moshi mweusi na gari zito mlimani. Ukiwa na tabo, ile pampu inayoisukumia injini hewa, lile pangaboi lake dogo linazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na mchanga unalilamba kingo kama unavyolamba chuma kwenye karakana. Magari makubwa mengi yana kigeji kidogo kwenye bomba la hewa kinachoonyesha filta inavyobana. Kwa dizeli zenye tabo kikomo kinachotumika sana ni kilopaskali 6.2. Kigeji hicho kikiwepo, kiamini kuliko macho.

Turudi kwenye gari lako na taa yake. Vua ile filta ya pamba, funga ya karatasi. Kisha peleka gari lisomwe kwa mashine. Nategemea utakuta kodi, yaani namba ya kosa, P0101, inayohusu sensa ya hewa kusoma visivyo, au P0171, inayosema mchanganyiko una petroli pungufu. Sababu ni hii: ndani ya sensa kuna waya mwembamba au kipande kidogo kinachopashwa moto, na kompyuta inapima hewa kwa kuangalia jinsi inavyokipoza. Kikivikwa mafuta na vumbi, hakipoi inavyotakiwa. Kompyuta inaamini hewa ni kidogo, inatoa petroli kidogo, nawe unasikia gari linashtuka ukikanyaga.

Isafishe hivi. Injini iwe imepoa na swichi imezimwa. Chomoa plagi ya sensa, fungua skrubu zake mbili, itoe. Tumia dawa ya kupulizia iliyotengenezwa kwa ajili ya sensa ya hewa, na hiyo tu; dawa ya kabureta, petroli na dawa ya breki zinaweza kuharibu plastiki na mipako yake. Puliza mara kumi hivi kutoka mbali kidogo, uache idondoke. Usiguse waya kwa kidole, pamba wala brashi, kwani ukikatika hapo unanunua sensa nzima. Iache ikauke yenyewe kwa nusu saa, irudishe, futa kodi kwa mashine, uendeshe siku chache. Kodi ya petroli pungufu ikirudi baada ya hapo, tatizo si sensa. Rudi kwenye hosi.

Filta ya pamba usiitupe. Kama siku moja utahamia kwenye lami, inaweza kukufaa, lakini jifunze kuipaka. Iloweshe dawa yake ya kuoshea kwa dakika kumi, isuuze kwa maji ya bomba yanayotiririka taratibu kutoka upande msafi kwenda upande mchafu, uikung'ute, uiache kivulini mpaka ikauke kabisa, ikibidi siku nzima. Hakuna kompresa, hakuna moto. Ikiwa na unyevu hata kidogo mafuta hayataenea. Kisha weka mstari mmoja mwembamba wa mafuta yake juu ya kila mkunjo na usimame hapo. Wengi wanakosea hatua hii: wanaona bado kuna weupe, wanaongeza, wanaongeza tena. Mafuta yanatembea polepole ndani ya pamba. Subiri nusu saa, gusa tu palipobaki peupe, kisha uilaze juu ya gazeti usiku kucha. Asubuhi gazeti likiwa na alama ya mafuta, uliongeza mno. Iache imalize kudondoka kabla ya kuifunga. Oili ya injini haifai kwa kazi hiyo. Haina ule unato wa kushika vumbi, na inasafiri moja kwa moja kwenda kwenye sensa.

Limebaki moja, nalo linatokana na ile miaka ya kompresa. Sijui kilichopita kwenye filta zile ni kiasi gani, lakini injini yako inaweza kutuambia. Egesha gari mahali tambarare, asubuhi kabla ya kuwasha, jaza oili mpaka alama ya juu ya kijiti, andika kilomita. Endesha kilomita 1,000 kama kawaida yako, upime tena mahali pale pale. Ikiwa imeshuka kidogo tu, endelea na karatasi yako na moyo utulie. Ikiwa imeshuka mpaka katikati ya alama mbili au chini ya hapo, na huoni oili ikivuja chini, omba upimwe mgandamizo wa silinda zote nne, injini ikiwa ya moto na throto ikiwa wazi. Namba zisipishane kwa zaidi ya asilimia 10 hivi. Iliyo chini itiwe kijiko kidogo cha oili kupitia tundu la plagi na ipimwe tena. Namba ikipanda, ringi zimelika. Isipopanda, ni valvu au gaskiti, na hapo vumbi huenda halihusiki. Niandikie namba zote nne, kabla ya oili na baada yake.